Sikio la umeme kwenye kinu cha mipira: linafaa, ila si kwa kila kinu

Kwenye vinu vya mipira, yaani mapipa makubwa yanayozunguka na kusaga mawe ya shaba na kobalti kwa mipira ya chuma, Lubumbashi hadi Likasi, operateri wengi hupima mzigo wa mawe ndani ya kinu kwa kutazama kilowati za mota. Kipimo hicho kina mtego: kilowati hupanda kinu kinapojaa, hufika kileleni, kisha huanza kushuka. Namba ileile inaweza kuwa ya kinu chenye njaa au kilichovimbiwa. Anayeongeza mawe kwa kuona kilowati zimeshuka huenda anakisonga kabisa.

Sikio la umeme huondoa utata huo. Ni mikrofoni ndani ya kasha, pamoja na kisanduku kinachogeuza kelele kuwa ishara ya miliampea 4 hadi 20. Kinu kikiwa kitupu, mipira hugonga blindaji (mabamba ya ndani yanayokinga ganda la kinu) na kelele huwa kali. Kikijaa, sauti hufifia. Lifungwe upande mipira inakoangukia, sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye ganda, karibu na mdomo wa kuingizia mawe, maana huko ndiko kujaa huanzia.

Ugonjwa wake mkubwa ni tope. Bolti ya blindaji ikivuja, tope hurukia mikrofoni na kukauka juu yake. Sauti inayosikika hupungua, kidhibiti kinaamini kinu kimejaa, kinapunguza mawe. Kinu kinabaki kitupu huku mipira ikivunja blindaji, na kwenye skrini kila kitu ni kijani. Elekeza mdomo wa mikrofoni chini kidogo, weka kinga ya mpira juu yake, ifutwe kila zamu. Kwetu hiyo ni lazima, wala si ushauri.

Kulisawazisha: kata mawe, acha maji, subiri kelele itulie juu. Hicho ndicho kiwango cha kinu kitupu. Usikiache kizunguke hivyo kwa muda mrefu. Kisha rudisha mawe kidogo kidogo, ukingoja kila mara hadi kilowati zitulie. Zinapoanza kushuka huku sauti nayo ikizidi kufifia, umepita kileleni: weka lengo kwenye mzigo mdogo kuliko huo. Rudia kazi hii kila blindaji inapobadilishwa au mipira mingi inapoongezwa.

Vinu viwili vya ukubwa mmoja vikikaa bega kwa bega, kila sikio husikia ya jirani, na kuchuja masafa ya sauti husaidia kidogo tu. Hapo chukua kihisi cha mtetemo kinachofungwa kwenye ganda lenyewe. Blindaji za mpira nazo humeza mlio. Kwa kinu chenye blindaji hizo hatulipendekezi sikio hili.

Masika ndipo linapolipa gharama yake. Udongo mbichi unaganda kwenye mdomo wa silo (ghala la mawe), mkanda wa kupeleka mawe kinuni unazunguka mtupu, na sikio linapiga kengele kabla kilowati hazijaonyesha lolote. Kabla ya kulipa, mdai muuzaji ajaribu sikio hilo kwenye kinu chako, vinu vyote vya jirani vikiwa vinazunguka.