Kipanya cha Gemu kwa Mchezaji wa Mtwara: Kipi Ununue na Ukitunze Vipi

Kwa anayecheza gemu Mtwara, sehemu ya kuiangalia kwanza anaponunua kipanya ni swichi iliyo chini ya kitufe cha kushoto. Hewa ya Shangani na Mikindani hubeba unyevu na chumvi ya bahari, na ndani ya swichi ya kawaida mna bamba jembamba la chuma linalogusana na kipande kingine kila unapobofya. Bamba hilo likichakaa au likishika kutu, mguso hukatikakatika, na kompyuta huhesabu mbofyo mmoja kuwa miwili: bunduki hulia mara mbili ulipokusudia mara moja, na faili ulilotaka kulichagua tu hufunguka lenyewe. Kwa hiyo nimepanga vipanya hivi kwa kuangalia swichi, kisha uzito. Namba kubwa ya DPI (kipimo cha jinsi kielekezi kinavyokwenda mbali unaposogeza kipanya) inayopambwa kwenye boksi nimeiweka mwisho, kwa kuwa wachezaji wengi wa gemu za risasi hutumia kati ya 400 na 1,600, kiwango ambacho kila kipanya nilichokitaja hapa kwa jina hukifikia bila taabu.

Nafasi ya kwanza naipa Razer Cobra ya waya. Swichi zake hutambua mbofyo kwa mwanga, bila chuma kugusana, hivyo kasoro niliyoieleza haina pa kuanzia. Kina gramu 58 tu, na mkono hauchoki hata mchezo ukienda hadi usiku wa manane.

Cha pili ni Logitech G102, chenye gramu 85, vitufe sita na kasi ya Hz 1,000, yaani hutoa taarifa kwa kompyuta kila baada ya milisekunde moja, ilhali vipanya vingi vya ofisini hufanya hivyo kila baada ya milisekunde nane. Swichi zake ni za chuma, lakini bei yake ni nafuu na hutengenezeka. Tahadhari yangu ni moja: bandia zake ni nyingi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akichomeke kwenye kompyuta yenye G HUB, programu ya Logitech ya kusimamia vipanya vyake, kwa sababu kipanya halisi hutambuliwa kwa jina lake. Ukiagiza Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi, kifanyie jaribio hilo siku hiyohiyo, maana kurudisha bidhaa Dar es Salaam baada ya wiki kadhaa ni usumbufu mtupu.

Asiyetaka waya achukue Logitech G304. Hutumia betri moja ya AA, ambayo hupatikana hata duka la mtaani, nalo ni jambo la maana kwetu. Usiiache betri ndani ukisafiri kwa muda mrefu, kwani ikivuja hula vile vyuma vinavyoishikilia ndani ya kipanya.

Logitech G502 Hero ina vitufe 11 na huwafaa wanaocheza gemu za mikakati, ila gramu 121 ni nyingi kwa gemu za risasi, na pande zake zina mpira, ambao kwa joto na jasho la pwani naona unahitaji kufutwa mara kwa mara. Vile vipanya visivyo na jina, vyenye taa nyingi na ahadi nyingi, viache dukani.

Kuhusu utunzaji, futa kipanya kila wiki kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na spiriti safi, kisha pitisha pamba kavu kwenye tundu la kihisi, lile la chini linalosoma mwendo wa kipanya. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kihifadhi katika kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

G102 ikianza kubofya mara mbili, usiitupe. Skrubu zake zimefichwa chini ya vile vibandiko laini vya kuteleza, hivyo vibandue polepole ili viweze kurudi. Fundi simu mwenye pasi ya lehemu anaweza kuibadilisha swichi, ambayo ina miguu mitatu tu. Mwambie apige picha ya swichi ya zamani kabla ya kuing'oa, kwa sababu mpya ikigeuzwa upande haitafanya kazi.