Mashine ya kulainisha maji: uzoefu wangu baada ya hita kuziba kwa chokaa

Nianze na kipimo, maana bila kipimo mazungumzo ya maji magumu, yaani yenye madini mengi, huwa ya kubishana tu. Karatasi ya kupimia, ile unayoichovya kisha inabadilika rangi, ilionyesha kwamba maji ya bomba langu yamepita miligramu 180 za ugumu kwa lita. Kwa viwango vinavyotumika sana, maji yasiyozidi 60 ni laini, na yakishavuka 180 ni magumu sana. Kunywa hayana shida, kwa sababu yaliyomo ni kalsiamu na magnesiamu. Shida ni kwa vyombo.

Fundi alipoichomoa koili ya hita ya bafuni, ilikuwa imevaa ukoko mweupe mgumu kama jiwe. Na kwa kweli ni jiwe. Maji yakipashwa moto, kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka humo huachia hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo inayofanya mawe ya chokaa. Ndiyo maana vinavyoumia zaidi ni vyombo vya moto: hita, birika la umeme, pasi ya mvuke, mashine ya kufulia. Ukoko huo haupitishi joto vizuri, kwa hiyo koili inachemka yenyewe huku maji yakichelewa kupata moto, umeme unaliwa bure, na mwishowe koili inaungua. Pasi nayo ilikuwa inatema chembe nyeupe, na kwa nguo nyeusi hilo ni balaa. Sabuni ilikuwa haitoi povu la maana, na taulo zilitoka kwenye mashine zimekakamaa.

Nikafunga mashine ya kulainisha maji ya aina ya chumvi. Ndani yake kuna punje ndogo za resini zinazoshika kalsiamu na magnesiamu na kutoa sodiamu badala yake. Punje zikishajaa, mashine inajisafisha kwa maji ya chumvi kutoka kwenye tangi lake, na uchafu wote unatoka kwa bomba la maji machafu.

Je, inafanya kazi? Ndiyo, bila mjadala. Karatasi ya kupimia sasa inaonyesha maji laini, mabomba hayaachi tena madoa meupe, na sabuni ya kufulia nimeipunguza sana. Kuoga kuna utelezi fulani, unahisi kama sabuni haijatoka mwilini. Wageni hulalamika, mimi nimeshauzoea.

Lakini muuzaji alisema haihitaji matunzo, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Chumvi lazima iongezwe. Tena kuna wakati chumvi inashikana juu na kufanya gamba, chini kukiwa kutupu. Ukichungulia unaona tangi limejaa, kumbe maji yanayotoka ni magumu vilevile. Dawa yake ni kuligonga gamba kwa mpini wa ufagio mpaka livunjike. Vilevile lazima uiwekee mashine namba ya ugumu wa maji yako. Iliyokuja nayo kutoka kiwandani haikukaribia ya kwangu. Na inapojisafisha usiku, inanguruma.

Ukoko wa zamani nao haikuuondoa. Hita ilibidi isafishwe kwanza na fundi, ndipo nikaona faida. Anayetarajia mashine hii iponye hita iliyokwisha ziba atasikitika.

Bomba la maji ya kunywa jikoni nililiacha nje ya mfumo. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa katika lita moja huacha humo takriban miligramu 46 za sodiamu. Kwa wengi si kitu, lakini kama kuna mtu nyumbani aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, muulize daktari huyo kwanza. Kwa pasi pia soma kitabu chake cha maelekezo, kwani baadhi ya watengenezaji hawataki maji yaliyolainishwa kwa chumvi.

Kabla ya hapo nilijaribu chujio la mkaa. Maji yalipata ladha nzuri, ugumu ukabaki palepale, kwa sababu mkaa hauna uwezo wa kushika kalsiamu. Sumaku za kufunga kwenye bomba sikuzigusa; ushahidi wake ni dhaifu mno kwangu kuzitolea pesa.

Nimeipa nyota nne. Kama una hita kubwa na unafua kila mara, nunua. Kama kinachokusumbua ni birika tu, acha: mimina siki nyeupe iliyochanganywa na maji, iache mpaka mapovu yatulie, suuza vizuri, kisha chemsha maji mara moja na kuyamwaga. Ila siki hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hewa inayotoka hapo ni sumu.