Siku Tano za Kujifunza Kuskii Ukubwani

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na asubuhi ya kwanza niliposimama juu ya theluji nikiwa na umri wa miaka 46, miguu ikiwa imefungwa kwenye skii mbili, yaani vibao virefu vyembamba vya kuteleza juu ya theluji, ambavyo kila kimoja kilitaka kwenda kwake, nilijiona samaki aliyekauka tangu msimu uliopita. Nilikuwa nimejiandikisha katika mafunzo ya kikundi kwa watu wazima ambao hawajawahi kuskii: siku tano, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi, mwalimu mmoja kwa wanafunzi wanane. Tathmini hii inahusu mafunzo hayo pamoja na huduma ya kukodisha vifaa iliyoambatana nayo, na niseme mapema kwamba mwalimu alistahili sifa kuliko shule iliyomwajiri.

Nianze na viatu, kwa sababu ndivyo vilivyoniharibia siku ya kwanza. Viatu vya skii hupimwa kwa urefu wa unyayo kwa sentimita, na kinachofaa ni kile ambacho ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, kisha ukikunja magoti na kuegemea mbele vinarudi nyuma. Kijana wa kaunta hakupima chochote. Aliniuliza namba ya viatu ninavyovaa siku zote, akanikabidhi jozi iliyonizidi, na nilipolalamika kwamba kisigino kinanyanyuka akanishauri nivae soksi za pili juu ya zile za kwanza. Ushauri huo ulikuwa kinyume cha unaotakiwa, kwani soksi mbili hujikunja na kubana mguu bila kuuzuia kucheza ndani ya kiatu. Na mguu ukicheza, unachokiamuru kwa goti hakifiki kwenye skii, hata mwanafunzi akaishia kujilaumu kwa kosa la kiatu. Siku ya pili nilirudi, nikadai kupimwa, nikapewa kiatu kifupi kwa sentimita mbili nzima, nikavaa soksi nyembamba jozi moja tu, na kona zilizonishinda jana yake zikaanza kutii.

Fundi wa vifungo, yaani vile vinavyoshika kiatu kwenye skii, alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliniuliza uzito, urefu, umri na kiwango changu cha uzoefu, akapima urefu wa soli, ndipo akaweka nguvu ya kifungo. Na nilipobadilisha viatu alikataa kuniachia skii mpaka arekebishe upya, maana soli ilikuwa imebadilika. Kifungo kilichokazwa mno hakiachii kiatu unapoanguka, na goti ndilo linaloweza kulipa. Kilicholegea mno nacho huachia pasipo sababu, jambo lililomfika mwenzetu mmoja aliyejipunguzia kilo kadhaa alipoulizwa uzito wake, kwa kuona haya, skii yake ikamkimbia mara tatu kabla ya saa nne asubuhi.

Mwalimu wetu alitutembeza kwanza kwa viatu vitupu, kisha kwa skii moja, kisha kwa zote mbili mahali tambarare, na siku mbili za mwanzo hakuturuhusu kushika fimbo, akisema kwamba mtu mzima akipewa fimbo huiegemea kama mkongojo. Baadaye alitufundisha kabari: ncha za skii zikaribiane mbele bila kupandana, visigino visukumwe nje, na kadiri kabari inavyopanuka ndivyo mwendo unavyopungua. Ukitaka kwenda kushoto, uzito unaupeleka mguu wa kulia. Njia hii ya kutoka kwenye kabari hadi kwenye kona ilijengewa jina katika eneo la Arlberg, Austria, na mwalimu wa skii Hannes Schneider mwanzoni mwa karne ya 20, na ingawa skii za leo ni nyembamba katikati na hukata kona kwa wepesi zaidi, wanaoanza bado huanzia hapo.

Ubora wa mwalimu wetu hasa ulikuwa katika kushughulikia woga. Mtoto huanguka akacheka. Mtu mzima huanza kuhesabu mifupa yake. Anapoogopa hujirudisha nyuma, ncha za skii zikapoteza uzito, naye akaenda kasi zaidi huku hana usukani. Mwalimu hakutuambia tusiogope, maneno yasiyomsaidia mtu yeyote, bali alitupa kazi ya kufanya: tukandamize mbele ya kiatu kwa mfupa wa muundi na kuweka mikono mbele kama tumebeba sinia. Alitufundisha hata kuanguka, kwa ubavu na kuelekea upande wa juu wa mteremko.

Lawama yangu kubwa ni ya ratiba. Siku ya tatu tulitakiwa kuacha mkanda unaotembea, unaokupandisha ukiwa umesimama, na kwenda kwenye viti vya kebo, vinavyoning'inia na kukupeleka juu zaidi mlimani, ilhali wawili kati yetu hawakuwa bado na uwezo wa kusimama walipotaka. Mwalimu aliomba wabaki chini na mwalimu mwingine, shule ikakataa. Mmoja wao alishuka sehemu kubwa ya mteremko kwa makalio, na mwalimu akapoteza saa nzima akimsaidia kuserereka kiubavu, wakati sisi wengine tukiganda kwa baridi. Kanuni kwamba aliye mbele yako chini ya mteremko ndiye mwenye haki ya njia, nayo tuliielezwa siku ya nne, tukiwa tumekwisha kukatiza mbele ya watu na kusimama kwenye vichochoro vyembamba.

Tangazo la shule liliahidi kwamba kufikia siku ya tano tutaskii skii zikiwa sambamba. Katika wanane, ni mmoja tu aliyefikia hapo, naye alikuwa mchezaji wa zamani wa magongo ya barafuni. Mimi nilimaliza nikiunganisha kona za kabari kwenye mteremko rahisi kuliko yote, nikipunguza mwendo bila hofu na kusimama pale nilipochagua, na kwa saa kumi na tano za mafunzo naona hayo yanatosha. Msimu ujao nitamtafuta mwalimu yuleyule, lakini viatu nitavikodi kwingine.