Data Loader ya Salesforce: uzoefu wangu wa kuingiza na kusasisha data za wateja kwa mkupuo

Kazi yangu ni kutunza orodha ya wateja. Watu wa mauzo wanapiga simu, watu wa huduma wanashughulikia malalamiko, na mimi nahakikisha kuwa jina wanaloliona kwenye skrini ni la mtu aliyepo kweli, simu yake inaita, na hajaandikwa mara tatu kwa tahajia tatu. Kwa kazi hiyo, kifaa ninachokishika kuliko vyote ni Data Loader, programu ya Salesforce, mfumo wa kusimamia wateja, inayosakinishwa kwenye kompyuta ya Windows au Mac. Inasoma faili ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na kupeleka yaliyomo ndani ya mfumo, au inayatoa ndani ya mfumo na kukuandikia faili. Sura yake haivutii hata kidogo. Hata hivyo nimeitumia vya kutosha kujua ninachoipendea, na pia mahali inapomtaka mtu awe macho.

Kwanza niseme kwamba si kila mtu anaihitaji. Ndani ya Salesforce kwenyewe kuna Data Import Wizard, inayofunguka kwenye kivinjari, inayopokea hadi rekodi 50,000 kwa mara moja na kukushika mkono hatua kwa hatua. Kama una orodha ya watu waliojiandikisha kwenye semina na unataka waingie kama wateja watarajiwa, tumia hiyo, umalize, uendelee na shughuli zako. Ila haipokei fursa za mauzo, na haifuti. Siku timu zikipangwa upya na ukaambiwa ubadilishe mhudumu wa maelfu ya akaunti, yaani kampuni za wateja, pamoja na fursa zake zote, utaishia kwenye Data Loader tu.

Sasa nije kwenye kiini. Programu yoyote ya kusimamia wateja inaweza kumeza faili. Inapopokea mstari mmoja wa faili, inajuaje kwamba huyu ni mteja yule aliyemo tayari? Hapo ndipo programu hizi zinapotofautiana. Programu tuliyokuwa nayo zamani ililinganisha watu kwa jina na barua pepe. Njia hiyo inaonekana ya busara mpaka ukutane na mke na mume wanaotumia barua pepe moja, au kampuni ambayo wafanyakazi wake wote wanatoa anwani ya mapokezi. Watu wawili waligeuka mtu mmoja, na historia ya manunuzi ya huyu ikawa ya yule. Kutenganisha rekodi zilizokwisha kuunganishwa kunachosha kuliko kazi nyingine yoyote ninayoijua katika fani hii, maana unasoma noti moja baada ya nyingine ukijiuliza iliandikwa kumhusu nani.

Data Loader ina kitufe cha Upsert, na kwangu mimi hicho kitufe ndicho programu yenyewe. Unachagua sehemu moja ya rekodi iwe kitambulisho cha nje, kwa mfano namba ya mteja inayotoka kwenye mfumo wa uhasibu. Programu inatafuta namba hiyo. Ikiipata mara moja, inasasisha rekodi. Isipoipata, inaongeza mteja mpya. Ikiipata kwenye rekodi zaidi ya moja, inaukataa mstari huo na kukuambia sababu. Hilo la mwisho nalithamini mno. Haibahatishi. Inakurudishia swali wewe unayewajua wateja wako, na huo ndio mwenendo ninaoutaka kwa programu inayogusa majina ya watu.

Ukiwa huna kitambulisho cha nje, utategemea kitambulisho cha Salesforce chenyewe, na hapo kuna jambo linalowasumbua wengi. Kitambulisho hicho kina sura mbili, ya herufi 15 na ya herufi 18. Ile ya 15 inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kinachoishia na AbC na kinachoishia na aBc ni wateja wawili tofauti. Excel, ukitafuta kwa VLOOKUP, fomula yake ya kutafuta thamani kwenye jedwali, haitofautishi. Kwake hao ni mtu mmoja, na itakuletea wa kwanza inayemkuta bila onyo lolote. Ripoti za Salesforce zinatoa sura ya 15, ilhali faili ya Data Loader inatoa ya 18, ambayo imeongezewa herufi tatu mwishoni ili tatizo hilo lisiwepo. Ndiyo maana sioanishi chochote kwa kutumia ripoti. Natoa data kwa kitufe cha Export, naoanisha kwa herufi 18, kisha narudisha. Mtu akinifuata akilalamika kwamba simu za wateja zimebadilishana, mara nyingi faili yake inaanzia kwenye ripoti.

Excel yenyewe inastahili maneno mawili, kwa kuwa makosa mengi yanayolaumiwa kwenye programu za wateja yanazaliwa huko. Inafuta sifuri ya mwanzo kwenye namba ya simu. Inabakiza tarakimu 15 tu za namba ndefu na kugeuza zinazofuata kuwa sifuri. Inageuza maandishi kuwa tarehe, tabia iliyosumbua hata wanasayansi wa vinasaba: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba imebadilisha baadhi ya majina, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyasoma kama tarehe za Septemba. Dawa ninayoitumia ni kutoifungua CSV kwa kubofya mara mbili. Naileta kupitia menyu ya data na kuziweka kolamu za simu na namba za wateja kama maandishi kabla hazijaingia.

Tarehe nazo zina mtego wake. 04/05/2024 ni Aprili au Mei? Kwenye mipangilio ya Data Loader kuna kisanduku cha kuchagua mtindo wa Ulaya, siku ikitangulia mwezi. Kiangalie kila unapohamia kompyuta nyingine. Mimi nimeamua kuandika mwaka kwanza, 2024-05-04, na tangu hapo hakuna anayeniuliza. Karibu na kisanduku hicho kuna kingine cha kusoma faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Majina yenye alama juu ya herufi yakiingia yamevurugika, anza kukiangalia hicho.

Seli tupu ndiyo mada ninayotaka kila anayeanza aielewe kabla hajagusa kitufe cha Update, yaani cha kusasisha rekodi zilizopo. Faili yako ina kolamu ya simu na baadhi ya seli hazina kitu. Je, maana yake ni "futa simu iliyopo" au "iache ilivyo"? Kwa kawaida Data Loader inaiacha ilivyo, na naona huo ni uamuzi sahihi, kwa kuwa mtu anayetuma faili yenye mapengo kwa kawaida hana habari, hana nia ya kufuta. Ukitaka kufuta kweli, kuna chaguo la kuruhusu thamani tupu kwenye mipangilio. Ukiwa umewasha Bulk API, ambayo ndiyo njia ya mafaili makubwa, chaguo hilo halipatikani, na badala yake unaandika #N/A ndani ya seli. Napenda zaidi hii ya pili. Kila ufutaji unakuwa umeandikwa kwa mkono kwenye faili, na mwenzangu anaweza kuukagua kabla haujapita.

Kazi ikiisha unapata mafaili mawili, la waliopita na la waliokwama. Lile la waliokwama linabeba mistari yako kama ulivyoiandika, na kolamu moja zaidi inayoeleza kosa la kila mstari. Unarekebisha humo humo na kuipakia tena mistari hiyo peke yake. Lile la waliopita lihifadhi, kwani limebeba vitambulisho vya rekodi zote mpya, na siku ukiambiwa uziondoe ndiyo njia pekee ya haraka ya kuzijua.

Ukipakia watu wengi wa kampuni moja kwa Bulk API unaweza kuona kosa la rekodi kufungwa. Programu inaigawa mistari katika mafungu, mafungu hayo yanakwenda sambamba, mawili yanaigusa akaunti ileile kwa wakati mmoja, moja linakataliwa. Panga faili kwa kitambulisho cha akaunti kabla ya kupakia, na kama bado linatokea washa chaguo la kwenda fungu baada ya fungu. Itachukua muda zaidi, lakini utalala vizuri.

Jambo zito zaidi kuliko yote niliyoyataja ni kwamba mabadiliko hayana kitufe cha kurudi nyuma. Rekodi iliyofutwa kwa njia ya kawaida inakaa siku 15 kwenye pipa la taka na unaweza kuirudisha. Thamani iliyoandikwa juu ya nyingine haina pipa. Historia ya mabadiliko kwenye sehemu za rekodi ipo, lakini kwa kawaida inafuatilia sehemu 20 tu kwa kila aina ya rekodi, na hizo mtu awe amezichagua mapema. Kwa hiyo, kabla ya kila Update, natoa faili ya rekodi zilezile zikiwa na thamani zake za sasa na kuipa jina lenye tarehe. Hiyo ndiyo njia yangu ya kurudi. Pia nazungumza na anayesimamia mitiririko ya kiotomatiki, kwa sababu mfumo hautofautishi kati ya mtu aliyebadilisha hali ya mteja mmoja kwa mkono na faili iliyobadilisha hali za wote. Kama kuna barua pepe ya pongezi inayotumwa kila hali inapobadilika, itatumwa kwa wote.

Kwa anayefanya kazi hii kila wiki naipendekeza bila kusita. Kama wewe huingiza orodha moja kwa mwezi, baki na ile ya kwenye kivinjari. Hitaji langu moja ambalo halijatimizwa ni kuoneshwa, kabla ya kubofya, thamani ya zamani na mpya zikiwa bega kwa bega kwa kila mstari utakaobadilika. Kwa sasa nailinganisha faili ya kabla na faili ninayoipeleka kwa fomula kwenye lahajedwali, natia rangi seli zinazotofautiana, na kumpelekea mkuu wa mauzo azipitie ndipo nipakie.