Mashine ya kupigia kura baada ya chaguzi mbili: maoni ya mtumiaji wa Lubumbashi

Nimeitumia mashine ya kupigia kura mara mbili, zote hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: tarehe 30 Desemba 2018 nilipokuwa bado nakaa Katuba, na tarehe 20 Desemba 2023 baada ya kuhamia Kampemba. Watu hutoa maoni juu ya simu waliyonunua, juu ya mbabula isiyomaliza makaa, juu ya fundi aliyewatengenezea gari. Chombo kinachopokea sauti ya taifa zima nacho kinastahili kupimwa na mtu aliyekigusa kwa kidole chake, hasa kwa kuwa uchaguzi mwingine wa rais unatazamiwa mwaka 2028 na majirani wameshaanza kuulizana kama kuna haja ya kwenda.

Kwa wasiowahi kuiona, mashine yenyewe si kubwa. Inatengenezwa Korea Kusini, inakaa juu ya meza nyuma ya kizuizi cha katoni, na inatumia betri, jambo la busara katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa. Unaonyesha kadi yako ya mpiga kura, jina lako linatafutwa kwenye orodha, kisha mkuu wa biro, yaani chumba cha kupigia kura, anakupa karatasi ya kura iliyotiwa saini. Unaiingiza karatasi, picha na namba za wagombea zinajitokeza kwenye kioo, unagusa, unathibitisha, na mashine inachapa chaguo lako juu ya karatasi ile ile. Unaisoma, unaikunja, unaitia sandukuni, unachovya kidole katika wino, unatoka. Mwaka 2023, sisi wa miji mikuu ya majimbo tulichagua mara nne kwa mkupuo mmoja: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komine, yaani sehemu ya mji yenye baraza lake.

Mwenye kukumbuka uchaguzi wa mwaka 2006 hatakosa kuisifu mashine hii. Wakati ule wagombea wa urais walikuwa 33, na karatasi ya ubunge ilikuwa pana kiasi kwamba kuifungua ndani ya kibanda bila kuonekana na jirani ilikuwa kazi, na kuikunja tena ilikuwa kazi nyingine. Mwaka 2023 waliogombea Bunge la Taifa, lenye viti 500, walizidi 20,000 nchi nzima. Kuwaweka wote kwenye karatasi kungehitaji kila biro ipelekewe mzigo wa magunia. Kwenye kioo niliandika namba ya mgombea wangu, picha yake ikatokea, nikamaliza. Kwa kazi ya kuchagua peke yake, ningeipa mashine hii alama za juu.

Hata hivyo, kioo hicho hakikutengenezwa kwa vidole vya kila mtu. Mwaka 2018, mbele yangu katika mstari alikuwapo mama mmoja mzee aliyeuza mboga maisha yake yote, na alipoingia nyuma ya katoni tulimsikia akigonga kioo kama anayebisha hodi. Kijana wa biro alimwambia, «Mama, gusa polepole tu,» naye akajibu, «Mwanangu, hiki kidole ni cha jembe, hakisikii polepole.» Sheria inamruhusu mtu wa namna hiyo kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, na mjukuu wake aliitwa kutoka nje. Nilifurahi kwamba alipiga kura. Nilisikitika kwamba siri ya kura yake, ambayo mwaka 2006 aliweza kuilinda kwa alama ya kalamu, sasa ilikuwa ya watu wawili. Mazoezi ya kutosha kwenye masoko na makanisani, miezi kadhaa kabla, yangemwondolea mama huyo aibu aliyotoka nayo.

Jambo ninalotaka kulisema kwa uzito zaidi halihusu kioo. Linahusu karatasi. Matokeo yanayohesabika kisheria ni ya kura zinazotolewa sandukuni na kuhesabiwa kwa mkono, mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi, kisha fomu ya matokeo ya biro hubandikwa mlangoni ili kila mtu asome. Jioni ile ya mwaka 2018 nilirudi na daftari. Mvua ilikuwa imenyesha, korido ilikuwa na matope, na watu kama kumi tulisimama mbele ya karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, mmoja akimulika kwa simu, mwingine akisoma namba kwa sauti, sisi wengine tukiandika. Sijawahi kujisikia raia kama saa ile. Namba zile tulizishuhudia zikizaliwa, na kama mtu angezibadilisha, sisi kumi tungejua.

Kisha yakaja matokeo ya taifa. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu akapewa asilimia 34.83 na Emmanuel Ramazani Shadary asilimia 23.84. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima, walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na takwimu walizokusanya. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha, na Januari 2019 nchi ikashuhudia rais akimkabidhi mwenzake madaraka kwa amani kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa mwaka 1960. Nilishangilia amani hiyo na bado naithamini. Lakini matokeo ya biro moja moja hayakuchapishwa, na ukurasa wangu wa daftari, wenye namba za mlango mmoja wa Katuba, haukupata mahali pa kulinganishwa. Mashine ilifanya sehemu yake. Mnyororo kutoka mlangoni hadi kwenye tangazo la taifa ndio uliopotea gizani.

Mwaka 2023 kituo nilichopigia kura kilifunguliwa saa nane mchana badala ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilipiga kura usiku, na sikuweza kusubiri hesabu kwa sababu ya njia ya kurudi nyumbani, kwa hiyo daftari halina kitu. Sehemu nyingine upigaji kura ulisogezwa hadi siku iliyofuata, na huko Masisi na Rutshuru, kwa ndugu zetu wa Kivu Kaskazini, haukufanyika kabisa kwa sababu ya vita. Januari 2024 tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta uchaguzi wa wabunge katika maeneo ya Masimanimba na Yakoma, na ikafuta kura za wagombea 82, baadhi yao kwa tuhuma za kuwa na mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Hapo ndipo chombo hiki kinapoonyesha hatari yake. Kalamu ikiibwa haina madhara, lakini mashine inayochapa karatasi halali ikilala nyumbani kwa mgombea, inaweza kumpigia kura jamaa yake aliyelala na hata jirani aliyekwisha kuzikwa. Kila mashine inapaswa kuandikwa namba yake kwenye fomu inayobandikwa mlangoni, pamoja na idadi ya karatasi ilizochapa.

Wanaosema mashine imeleta demokrasia ya kisasa watazame mahudhurio. Mwaka 2006, kwa karatasi zile pana, takribani asilimia 70 ya waliojiandikisha walijitokeza duru ya kwanza. Mwaka 2011 ikawa kama asilimia 59. Mwaka 2018, mashine ilipoanza, chini ya asilimia 50. Na mwaka 2023 takribani asilimia 43, yaani watu wapatao milioni 18. Silaumu kioo kwa hayo. Mtu huacha kwenda pale anapoamini kwamba alichotia sandukuni sicho kitakachosomwa, na hakuna teknolojia itakayomrudisha kama hajaona namba za mlango wake zikifika salama. Ndiyo maana pia nafuatilia kwa hofu mazungumzo ya kubadilisha Katiba yaliyoanzishwa na rais mwaka 2024. Kifungu cha 70 kinampa rais muhula wa miaka 5 unaorudiwa mara moja tu, na kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula hiyo. Mashine nzuri kuliko zote haina faida kwa mpiga kura ambaye tarehe ya kuitumia tena inategemea hiari ya aliyechaguliwa.

Ningependa mashine ibaki, kwa masharti niliyoyataja. Atakayekwenda mwaka 2028 asome karatasi yake kabla ya kuikunja, kwani ikiwa na kosa apaswa kumwambia mkuu wa biro papo hapo, kabla haijaingia sandukuni. Avae viatu vya matope, abebe maji, na amtafute mapema jirani wa kurudi naye usiku. Mimi nimekwisha kupatana na watu watatu wa avenyu yetu: tutakaa hadi fomu ibandikwe.