Blanketi la viraka la Kibengali, nimelilalia baridi yote ya mwezi wa saba

Watu wa Mbeya mnaijua baridi ya mwezi wa saba, sina haja ya kuwaelezea. Nimelipata kwenye duka dogo la vitambaa Mwanjelwa, mama mwenye duka kaolewa huku ila kwao Kolkata, India. Alianza na elfu tisini, nikambana weee hadi sitini na tano, na bado nikamwambia shikamoo mama, lakini si viraka tu hivi, bibi yangu Tukuyu alikuwa anatushonea bure.

Akacheka, akalitandaza mezani. Kumbe linaitwa kantha, ni sari zilizochakaa zinapangwa moja juu ya nyingine halafu zinashonwa kwa mkono, sindano inazama inaibuka, inazama inaibuka, zamani hata uzi walikuwa wanauchomoa kwenye pindo la sari hiyohiyo. Aisee kwenye upana wa kiganja nimehesabu mistari zaidi ya thelathini halafu nikachoka.

Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, ambaye alikimbia Bengali ya Mashariki (sasa ni Bangladesh) mwaka 1950, miaka mitatu baada ya India kugawanywa na upande wao kuwa Pakistan. Waliteremkia Sealdah, stesheni ya treni ya Kolkata, na wakalala hapohapo chini na mabunda yao, halafu ndo wakapelekwa kambini wilaya ya Nadia. Wajane na wanawake wasio na mwanaume wa kuwasimamia serikali iliwatengea kambi zao, ikawaita mzigo wa kudumu. Mzigo! Mtu kapoteza nyumba na mume, na wewe na kalamu yako unamwandika mzigo. Wengi wao nyumbani kwao hata sokoni walikuwa hawaendi, ila huko ikabidi, huyu cherehani, yule kufundisha watoto, mwingine ofisini, na kule kusini ya Kolkata watu walipovamia viwanja vitupu wakajenga vibanda, polisi wakija wanawake walikuwa wanasimama mbele. Mama mkwe yeye alishonea watu, akasomesha watoto wanne.

Haya turudi kwenye blanketi maana najua mnataka kujua linapasha joto au la. Peke yake halitoshi, nisidanganye, ni pamba tupu tabaka tano. Mtu wa Kyela litamtosha kabisa, sisi wa Uyole liweke chini ya lile zito. Ila ulaini wake sasa, ni kama khanga iliyofuliwa miaka kumi.

Tatizo ni bluu inachuja. Nililoweka na shuka jeupe na sabuni ya unga, shuka sasa hivi lina ramani. Nikarudi nalo dukani nimenuna, mama akanitazama akaniuliza, mwanangu, sari ya mtu usiyemjua unailoweka na nyeupe? Nikakosa la kusema. Kona moja nayo ilifumuka, hiyo aliishona palepale bure huku anahudumia wateja, hata haangalii sindano.

Nampa nne kwa tano. La pili nimeshaagiza, jekundu, na hilo nalifua peke yake kwenye beseni.