YouTube Studio: grafu moja ninayoiangalia kuliko zote

Wengi wakifungua YouTube Studio, sehemu ya YouTube ya kusimamia chaneli na kuona takwimu zake, huangalia video imetazamwa mara ngapi, basi. Mimi naitumia kwenye chaneli yangu ya kufundisha Excel, na ningeambiwa nibaki na kitu kimoja tu katika takwimu zake, ningebaki na grafu ya watazamaji wanaobaki. Inaonyesha asilimia ya watu ambao bado wanatazama kila video inavyosonga.

Huanza na sekunde 30 za kwanza, ambazo Studio inazitaja peke yake. Kwangu mstari ulikuwa unaporomoka palepale salamu zinapoanza. Siku hizi naonyesha kwanza jedwali lililokamilika, ndipo nasalimia, na mteremko umepungua. Hilo hakuna aliyeniandikia kwenye maoni. Mtazamaji akichoka haandiki, anaondoka.

Vilima ndivyo vigumu kusoma. Grafu ikipanda katikati, watu wanarudia kipande hicho au wameruka moja kwa moja kukifuata, na wakirudia sana mstari unaweza kuvuka hata asilimia 100. Wanarudia kwa kupenda au kwa kutoelewa? Grafu haisemi. Kwenye somo la VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta taarifa kwenye jedwali, kilima kilisimama ninapoandika fomula. Nikashuka kwenye maoni, nikakuta watu wanauliza ile FALSE ya mwishoni ina kazi gani. (Inailazimisha Excel itafute kinacholingana kabisa.) Hapo nikajua video inayofuata ni ipi.

Kipimo kingine ninachokiheshimu ni asilimia ya waliobofya kijipicha, ile picha ndogo ya kuitambulisha video, baada ya kukiona. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo anayekuambia kwamba 4 ni msiba anakutisha bure. Tena huweza kushuka video inapoanza kupelekwa kwa watu wasiokujua, na hiyo ni dalili njema. Naisoma sambamba na wastani wa muda wa kutazama: wanaobofya wakiwa wengi na muda ukawa mfupi, kijipicha kimeahidi kisichokuwemo.

Shorts, zile video fupi za YouTube, zipime kando kabisa. Tangu Machi 31, 2025, kila Short inapoanza kucheza au kujirudia inahesabiwa kuwa imetazamwa, hivyo namba ya juu inapendeza kuliko hali halisi. Ndani ya takwimu kipo kipimo cha walioendelea kutazama, na hicho ndicho kinachotumika kwenye mapato.

Nilijaribu pia programu moja ya kulipia inayokaa kwenye kivinjari. Ilikuwa inaipa kila video alama, bila kueleza alama hiyo imepatikanaje. Nikasitisha malipo.

Studio ni bure, ila usiifungue saa moja baada ya kupandisha video ukitegemea majibu. Zile namba za papo hapo ni makadirio, na takwimu za kina huchelewa siku moja au mbili. Programu ya Studio ya simu inatosha kuchungulia. Kulinganisha video kwa kina nafanyia kwenye kompyuta. Na kama video imetazamwa na watu wachache sana, grafu ya watazamaji wanaobaki usiisome bado, maana mtu mmoja akifunga simu mstari mzima unaanguka.